Magonjwa Niliyovuka Nayo Tunduma

Nilipanda treni Mpanda nikiwa na cheti cha kidato cha nne, shati moja la kubadilisha, na tiketi ya kwenda Dar es Salaam ambayo sikuimaliza. Treni ya tawi lile haikuwa na haraka na mtu. Ilisimama porini pasipo na stesheni, dereva akashuka, akazungumza na mtu mwenye baiskeli, akapanda tena, tukaendelea. Tabora tuliachwa juani ndani ya mabehewa yetu tukingoja treni ya kutoka Kigoma, na tulingoja hata wanawake wakashuka, wakapanga mafiga kando ya reli na kuanza kupika kama watu waliohamia. Treni ilipokuja ilikuwa imejaa. Nilisimama mlangoni mwa choo mpaka Itigi, ambako bwana mmoja mnene alishuka nikarithi nafasi yake pamoja na joto lake.

Saranda ndiko walikokuwa wakiuza kuku wa kuchoma dirishani. Nilinunua paja. Nakumbuka niliuma mara moja tu, na kwamba chumvi ilikuwa imezidi kidogo. Baada ya hapo nakumbuka sakafu ya stesheni ya Dodoma, ulimi umevimba, kiatu kimoja mguuni na kingine kifuani, na mwanamke muuza ubuyu akinipepea kwa ungo.

"Kuku wangu yuko wapi?" nikamwuliza.

Akawageukia wenzake. "Hajafa. Anauliza kuku."

Kifafa kilikuwa kimenishika ndani ya behewa. Nilikuwa nacho tangu utotoni, na kule kwetu kila mtu alikijua. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kusafiri, nikakae mahali ambapo hakuna anayekijua. Siku zile watu wengi waliamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umekipata. Abiria wenzangu walinishusha bila kunigusa. Walinivingirisha kwenye mkeka wa mtu, wakanipitisha mlangoni kama bidhaa, na mwenye mkeka hakuutaka tena.

"Shikamoo, mama," nikasema nilipoweza kukaa.

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Mpanda."

"Watu wa magharibi! Basi wewe ni mtani wangu. Ningejua ningekuacha hapo hapo na mkeka wako."

Hakuniacha. Alikuwa Mgogo, mjane, na nyuma ya stesheni alikuwa na nyumba ya udongo yenye paa la bati na vyumba vya kupangisha. Aliniongoza mpaka huko, akanipa ugali wa uwele na mlenda, na wapangaji walipouliza kijana yule ana nini, akawaambia ni malaria ya kichwani. Nikakaa naye miaka mingi kuliko nilivyowahi kukaa popote. Nikiwa mzima nilikuwa "mwanangu." Nikiudhi nilikuwa "mtani."

Kazi ya kwanza niliipata Makutupora, kwenye mashamba ya zabibu, kwanza kupogoa kisha kuvuna. Nilianguka katikati ya mistari ya mizabibu, na msimamizi, ambaye alidhani nimekunywa, akanipeleka zahanati nikafokewe. Ndivyo nilivyokutana na daktari. Huenda kwa vyeo hakuwa daktari, lakini sisi tulimwita hivyo na yeye hakukataa. Alinipa vidonge vidogo vyeupe, nimeze kimoja kila jioni, na akanikataza baiskeli, kisima, moto na kupanda miti.

"Sasa nimebakiwa na nini, daktari?"

"Kukaa," akasema. "Tulia mahali pamoja."

Kwa mtu kama mimi, hilo lilikuwa gumu kuliko ugonjwa. Nikisikia honi ya treni miguu yangu husimama kabla ya akili. Lakini vidonge vilifanya kazi. Nilimaliza kiangazi kizima bila kuanguka, kisha masika, kisha kiangazi kingine. Tatizo ni kwamba zahanati ilitoa vya mwezi mmoja tu, kwenye bahasha ndogo ya kaki, na mwezi ukiisha urudi kupimwa na kupewa vingine. Nikawa kama mbuzi aliyefungwa kamba: nilikwenda Kongwa, nikaenda Singida, nikaonja Iringa, na kila mara kamba ilikaza nikarudi.

Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka yaliyokuwa na mbao tupu na picha ya kiongozi yalijaa sabuni za rangi zote. Maduka ya dawa yalichipuka kila kona, na watu ambao juzi walikuwa wanabembeleza kidonge kimoja cha homa sasa walisimama dirishani kuchagua. Redio kaseti ziliingia kwa wingi na kuharibika kwa wingi, nami nikajifunza kuzitengeneza kwenye kibanda karibu na soko. (Chuma cha kulehemu kina moto, ndiyo. Daktari hakuuliza.) Ndipo binamu yangu aliyekuwa Lusaka akamtuma dereva wa lori aniambie kwamba huko redio zinaharibika hata zaidi, ana kibanda, anataka mtu. Nije kwanza nione.

Nilimwomba daktari dawa za miezi mitatu. Alinitazama kama nimeomba gari la wagonjwa. Mwishowe akakubali, lakini akasema mpakani hawatanipitisha na vidonge vingi hivyo bila barua.

"Niandike kifafa?"

"Usiandike, daktari."

"Niandike nini sasa?"

"Andika mimi ni mgonjwa."

"Kila anayekuja hapa ni mgonjwa."

Akaandika hata hivyo: mwenye barua hii ni mgonjwa wangu, dawa alizobeba ni kwa matumizi yake mwenyewe. Akapiga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukukolea.

Sasa lazima nieleze jambo la nyumba ile. Mtu wa kwetu hasafiri peke yake. Ukishaaga tu, begi si lako tena. Watakuletea karanga za mjomba, kitenge cha wifi, picha ya harusi, na wewe huwezi kukataa, maana kukataa mzigo wa mtu ni kumwambia kwamba ndugu yake hana maana. Mimi mwenyewe nilishapokea salamu na asali kwa njia hiyo. Nilitegemea mizigo. Nisichotegemea ni kwamba wangeiona barua.

Wa kwanza kuiona alikuwa msichana mpiga chapa wa ofisi moja ya serikali, aliyepanga chumba cha mbele. Aliisoma akiwa amesimama, kwa jicho la kazi yake.

"Kaka, hii barua haisemi dawa gani."

"Haisemi."

"Wala haisemi ngapi."

"Haisemi."

"Basi ni barua pana sana. Inaingia na za dada yangu." Dada yake aliolewa Lusaka na alikuwa mjamzito, damu chache. Jioni hiyo hiyo nikakabidhiwa vidonge vyekundu vya kuongeza damu, kopo zima.

Habari ikamfikia shemeji yake mama mwenye nyumba, mzee mfugaji wa Mlali, aliyekuja mjini kuuza mbuzi. Kaka yake alihamia Zambia na ng'ombe wake wakapata minyoo. Mzee akanitolea vidonge vyenye unene wa kidole gumba, vimefungwa kwenye gazeti.

"Baba, hizi ni za ng'ombe."

"Dawa ni dawa. Barua inasema dawa."

"Inasema za matumizi yangu."

"Nani atakuchungulia tumboni?"

Mwisho akaja mama mwenyewe na unga wa mizizi kutoka milima ya Kibakwe, umefundikwa kwenye kipande cha kanga. Ulikuwa wa kaka yake mkubwa aliyekwenda kwenye migodi ya shaba zamani na hakurudi. "Wa tumbo," akasema. "Unatibu na mambo mengine ya wanaume, lakini wewe sema tumbo." Wote hao ndugu wangekuja kuchukua vyao kwenye kibanda cha binamu. Nikavipanga kwenye begi, na katikati yake, kwenye kopo dogo la plastiki, vidonge vyangu vyeupe ambavyo bila hivyo nisingefika hata Mbeya nikiwa nimesimama.

Basi la Iringa lilipita Mtera likiwa limejaa vumbi kuliko abiria. Iringa akapanda mfanyabiashara wa mitumba, akakaa pembeni yangu, na mpaka Makambako nilikuwa najua majina ya wake zake wote wawili na kosa la kila mmoja. Alilala begani kwangu. Akaninunulia muwa, akaumega kwa meno yake, akanipa nusu. Alijua njia yote: wapi pa kulala upande wa pili, basi gani la Lusaka halizimiki njiani. "Tuko pamoja, kaka," akasema. "Chumba tutachangia." Mimi sikuwahi kutoka nje ya nchi, na nilimshika yule bwana kama kipofu anavyoshika fimbo.

Tunduma tulivuka kwa miguu hadi ofisi ya forodha ya upande wa Zambia. Afisa alikuwa kijana mpole, sare imenyooka, na alizungumza Kiswahili cha mpakani. Mfanyabiashara wangu alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Nikatoa barua. Afisa akaisoma, akatikisa kichwa kwa heshima, akafungua begi.

Akatoa vidonge vyekundu. "Hii ya nini?"

"Damu yangu ni chache."

Akatoa unga. Akanusa, akapiga chafya. "Hii?"

"Tumbo."

"Tumbo tu?"

"Na mambo mengine."

Foleni ikacheka. Akafungua gazeti la mzee wa Mlali, akavitazama vile vidonge, akanitazama koo. Hakuuliza. Akaenda kumwita mama wa afya.

Mama wa afya alikuja na miwani yake kwenye kamba shingoni, akaivaa, akapanga kila kitu juu ya meza. Alijua Kiswahili vizuri. Alisema baadaye mama yake alitoka Mbozi.

"Yote haya ni yako?"

"Ndiyo, mama. Barua inasema."

"Magonjwa yote haya na bado unatembea?"

"Kwa neema ya Mungu."

"Hivi vyekundu kopo linasema ni vya mama wajawazito. Una miezi mingapi?"

Hapo foleni ilishindwa kabisa. Mwanamke mmoja aliyebeba kuku alikaa chini. "Mpisheni mbele, jamani!" akapiga kelele mtu. "Asije akajifungulia hapa!" Mfanyabiashara wangu alikuwa akinigonga mgongoni kwa kicheko, na mimi nilicheka pia, kwa sababu nilikuwa nimegundua kwamba naweza kusema uongo wa kila ugonjwa duniani bila jasho hata tone.

"Saa hizi ni mchana, wakati wa dawa," akasema mama wa afya. Akanyanyua kidonge cha ng'ombe kwa vidole viwili. "Kama ni chako, meza nione. Leteni maji."

Maji yakaletwa, kwenye jagi. Nikakitazama kile kidonge. Nikasema, "Mama, hicho si changu. Ni cha ng'ombe wa watu." Nikasema na vyekundu ni vya dada wa mtu, na unga ni wa kaka wa mtu. Nikaeleza habari ya nyumba yetu na mizigo. Akanisikiliza, nadhani hata akatabasamu, kisha akaokota lile kopo la plastiki.

"Na hivi vyeupe? Vya nani?"

"Vyangu."

"Vya nini?"

Nikalitazama lile kopo mkononi mwake.

Nilihisi mkono wa mfanyabiashara bado uko mgongoni kwangu. Nikaona Mpanda, na mkeka, na chumba tulichopanga kuchangia. Nilikuwa tayari kuwa na mimba mbele ya watu wote wale. Neno hili moja halikutoka.

Afisa, ambaye mpaka hapo alikuwa mpole, akakunja uso. "Zile zote alikuwa anajibu haraka haraka," akamwambia mama wa afya. "Hii ndiyo amenyamaza. Hii ndiyo yenyewe." Akalichukua kopo na kuliweka upande wake wa meza, kwenye sanduku la vitu vilivyokamatwa, juu ya simenti na magamba ya nyoka. Nilihesabu bila kutaka: kidonge cha jana kilikuwa tumboni, cha leo kilikuwa kwenye lile sanduku, na kesho au keshokutwa ningekuwa chini.

"Kifafa," nikasema.

"Nini?" akauliza afisa.

"Kifafa."

"Kifafa ni kitu gani?" Hakulijua neno. Kabla mama wa afya hajamjibu, akaiuliza foleni. Na foleni, ambayo ilikuwa imenizoea sasa kama mali yake, ikajitolea kumsaidia. Mmoja akasema kwa Kibemba. Mwingine akasema huyo amekosea, akasema kwa lugha nyingine. Mzee mmoja akaona maneno hayatoshi, akakaza shingo, akageuza macho na kutetemesha mikono, vizuri sana, mpaka mwanamke wa kuku akasema inatosha. Siri niliyoibeba kutoka Mpanda ilitangazwa kwa lugha tatu na kuigizwa.

Mkono mgongoni kwangu ulikuwa umeondoka. Nilisikia viatu vya mfanyabiashara vikirudi nyuma, hatua kwa hatua.

"Anaweza kudanganya hili pia," akasema afisa.

"Toa ulimi," akasema mama wa afya.

Nikautoa. Akaugeuza kwa kijiti, kulia na kushoto, akamwita afisa aje atazame. Pembeni ya ulimi wangu pana makovu kama kingo za stempu, ya miaka yote ya kuuma. Nikakaa hivyo mdomo wazi, nikitiririka mate, na watu wawili wa serikali ya nchi nyingine wakinichungulia kama wanasoma pasi.

"Mpe dawa zake," akasema mama wa afya. "Hizo nyingine zibaki." Kisha akaniambia, akilifuta lile kopo kwa kanga yake, "Siku nyingine anza na hii. Ungeshavuka zamani."

Ndani ya basi la Lusaka mfanyabiashara alikaa viti vinne mbele yangu, karibu na mwanamke wa kuku. Hakugeuka. Niliketi peke yangu na kiti kitupu, nikamwangalia kisogo mpaka giza. Asubuhi, basi liliposimama watu wajisaidie, alirudi akakaa pembeni yangu bila salamu.

"Kule jua linapiga," akasema. Baadaye akasema, "Na yule kuku ananya."

Hatukulizungumza. Jioni alinilalia begani kama mwanzo.

Kibanda cha binamu kilinifaa. Kabla vidonge havijaisha nikarudi Dodoma kuaga na kukusanya vyombo, na usiku wa kwanza wapangaji wote na mzee wa Mlali walikuwa uani wakingoja hesabu ya mizigo yao. Nikawasimulia yote, jagi la maji na yote. Nilipofika kwenye vile vyeupe nilimwona mama mwenye nyumba akinikonyeza nipite haraka. Sikupita. Nikasema ni kifafa, nikawaonyesha ulimi kwa mwanga wa kibatari.

Mzee wa Mlali akakohoa.

"Yaani kidonge kimoja tu kilikushinda?"

"Baba, ni kikubwa kama kidole gumba."

"Na wewe ni mtu mkubwa. Ng'ombe wa kaka yangu wanakonda kwa sababu ya koo lako!"

"Na dada yangu?" akadakia mpiga chapa. "Ungesema ni za mke wako!"

"Hana mke," akasema mama.

"Na forodha wangelijuaje hilo?"

Waligombana nami mpaka mafuta ya kibatari yakaisha. Hakuna hata mmoja aliyeuliza habari ya kifafa. Mpiga chapa alininyang'anya kikombe cha chai mkononi katikati ya ugomvi, akanywa mabaki yangu, akaendelea kunisema.

Daktari aliniandikia barua nyingine.

"Safari hii niseme nini?"

"Sema kifafa. Sema na jina la dawa na idadi yake."

"Kwa herufi kubwa?"

"Kubwa, daktari."

Siku ya kuondoka kabisa niliacha nafasi kwenye begi, upande mzima. Nikakaa kizingitini asubuhi nikingoja. Mpiga chapa alipita akienda kazini, akanipa mkono. "Dada alishajifungua, kaka. Damu imerudi yenyewe. Safari njema." Mzee wa Mlali alikuwapo, akalitazama begi, akatazama pembeni, akasema mifugo wazima. Mama alitoka na mikono mitupu chini ya kanga. Tangu nirudi walikuwa wamenitania kwamba kunipa mimi mzigo ni kuupeleka forodhani, na sasa nikaona hawakuwa wakitania. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba naondoka kweli, kwa sababu nyumba nzima hapakuwa na mtu aliyekuwa na cha kunituma.

"Mama, nipe basi ule unga wa kaka yako."

"Wa nini? Uutupe tena?"

"Nitasema ni wangu."

"Utasema unaumwa tumbo?"

"Na mambo mengine."

Akacheka mpaka akaegemea mlango. Lakini unga hakunipa. Alinifungia karanga kwenye gazeti, akazisukuma mkononi mwangu. "Hizi ule njiani. Si dawa, si mzigo, si za mtu. Nenda, mtani."

Kwenye basi la Iringa nilipata kiti cha dirishani. Pembeni yangu akaketi kijana mwenye kofia ya sufu, mgeni kwangu kabisa. Kabla basi halijawashwa nikamgeukia nikamwambia kwamba nina kifafa, dawa nameza, lakini nikianguka anilaze ubavu, asinitie kitu mdomoni, povu halimfanyi mtu chochote.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akatazama gazeti lililokuwa mapajani mwangu.

"Sawa, kaka," akasema. "Na hizo karanga unakula peke yako?"